John Gibbon, daktari aliyetaka damu ipumulie nje ya mwili

Wazazi wa Kyela, kuanzia Ipinda hadi Matema, wanaijua hofu ya kumwona mtoto akihema kwa shida usiku. Homa ya mapafu ikiwa kali, mapafu hushindwa kuipa damu oksijeni, na mwili mzima huanza kudhoofika. Wiki hii tunamwangalia daktari aliyejiuliza kama mashine inaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda.

John Gibbon alizaliwa mwaka 1903 mjini Philadelphia, Marekani, akiwa mtoto wa daktari wa upasuaji. Mwaka 1930, akiwa daktari kijana mjini Boston, alikesha na mama mmoja aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wake wa kwenda mapafuni. Usiku kucha Gibbon alimpima presha na mapigo ya moyo, huku damu yake ikizidi kuwa nyeusi kwa kukosa oksijeni. Asubuhi wakubwa wake walifungua mshipa na kutoa mabonge yale kwa dakika sita na nusu, lakini mama yule alifariki.

Gibbon aliwaza kwamba kama damu ingetolewa, ikapewa oksijeni nje na kurudishwa mwilini, mama yule angepata nafasi. Wengi waliona ni ndoto. Aliyemwamini ni Mary, mtaalamu wa maabara ambaye alimwoa mwaka 1931. Wawili hao walifanya majaribio kwa paka, na mwaka 1935 mashine yao iliweza kushika kazi ya moyo na mapafu ya mnyama huyo. Vita Kuu ya Pili ilimtoa maabara. Baada ya vita, kampuni ya IBM ilimsaidia kutengeneza mashine kubwa zaidi.

Mwaka 1952 aliitumia kwa mtoto wa miezi 15, na mtoto akafariki. Tundu la moyo ambalo madaktari walitarajia kuliziba halikuwepo. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Tarehe 6 Mei 1953 aliziba tundu la moyo la binti wa miaka 18, mashine ikibeba kazi yote kwa dakika 26. Binti akapona. Lakini Julai mwaka huohuo watoto wawili wa miaka mitano walifariki, na Gibbon akaiweka mashine kando. Wengine waliiboresha, na leo mashine za aina hiyo hutumika katika upasuaji wa moyo kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Gibbon alifariki Februari 1973, akicheza tenisi.

Mashine yake ilifaa kwa muda mfupi tu, kwa kuwa damu ilikutana moja kwa moja na oksijeni na kuharibika. Baadaye damu na gesi vilitenganishwa kwa utando mwembamba, na mwaka 1971 kijana mmoja huko California alisaidiwa kwa siku tatu hadi mapafu yake yakapata nafuu. Mashine hii huitwa ekmo.

Hata hiyo ina mtego wake. Fikiria mtu anayechota maji ziwani, anayachuja, kisha anayamwaga palepale anapochota. Atachoka bure, akichuja maji yaleyale. Katika ekmo, damu iliyokwisha kupata oksijeni inaweza kuvutwa tena na mashine kabla haijaufikia mwili. Kama mashine inasukuma lita 4 kwa dakika na asilimia 30 inarudi, mgonjwa anafaidi lita 2.8 tu. Ndiyo maana wataalamu huingiza maji kidogo ya chumvi kwenye mrija wa kuingilia mwilini, kisha vihisi hupima ni kiasi gani kimerudi upande wa kutokea. Kikizidi, husogeza mirija, maana kuongeza kasi kunaweza kuzidisha tatizo.

Ekmo si mashine ya hospitali ya wilaya. Lakini kupima kunaanzia nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mpeleke hospitali haraka akifikisha 60 akiwa chini ya miezi 2, 50 akiwa na miezi 2 hadi 11, au 40 akiwa na mwaka 1 hadi 5. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usisubiri kuche. Akiwekewa oksijeni, muulize mhudumu kipimo cha kidoleni kinasoma ngapi, na uombe apimwe tena baadaye. Na wewe uliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, ukivimba mguu mmoja au ukibanwa pumzi ghafla, rudi hospitali siku hiyohiyo.