Baba wa uhusiano mwema na mahema ya Ludlow

Kila mwaka vyuo vyetu huwatoa vijana waliohitimu katika taaluma ya uhusiano mwema, na ni nadra kumpata miongoni mwao asiyelijua jina la Ivy Lee. Wamefunzwa kwamba Mmarekani huyo ndiye aliyewazoeza wenye makampuni kusema kweli maafa yanapowafika. Hilo si uongo. Linalonikera ni kwamba maisha yake husimuliwa hadi mwaka wa 1906, kisha kitabu kikafungwa, ilhali bwana huyu aliishi miaka 28 baada ya hapo, na miaka hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mwanafunzi wa leo mwenye simu mkononi.

Ivy Ledbetter Lee alizaliwa tarehe 16 Julai, 1877 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka wa 1898, akaenda New York kuandikia magazeti. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliiacha kazi hiyo, akafungua afisi pamoja na mwanahabari mwenziwe, George Parker, kwa nia ya kuwasemea matajiri mbele ya umma.

Matajiri wenyewe walimhitaji mno. Katika mgomo wa makaa ya mawe wa mwaka wa 1902, wenye migodi ya Pennsylvania walikuwa wamefunga milango na vinywa, huku kiongozi wa wafanyakazi, John Mitchell, akiwakaribisha wanahabari na kuwaeleza kila jambo. Si ajabu basi kwamba magazeti yaliandika ya Mitchell. Tishio la mgomo mwingine lilipozuka mwaka wa 1906, wenye migodi walimwajiri Lee. Naye akawapelekea wahariri waraka mfupi ulioeleza jinsi atakavyofanya kazi: hatafanya lolote kwa siri, atamtaja anayemlipa, na mhariri yeyote atakayetaka kuyahakikisha maelezo yake atasaidiwa kwa hiari. Waraka huo ndio unaotundikwa hadi leo katika madarasa ya mawasiliano, na kwa kweli unastahili.

Mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, gari la moshi la kampuni ya reli ya Pennsylvania lilitoka relini darajani karibu na Atlantic City, mabehewa yakatumbukia majini. Watu 53 walikufa. Desturi ya makampuni ya reli wakati huo ilikuwa kuficha ajali hadi watu wasahau. Lee, aliyekuwa akiitumikia kampuni hiyo, alitoa taarifa iliyoandikwa, akawapa wanahabari kabla uvumi haujatapakaa, na gazeti la New York Times likaichapisha vilevile ilivyokuwa. Vitabu vingi huihesabu kuwa taarifa ya kwanza ya aina yake kwa vyombo vya habari.

Hapa ndipo walimu wengi wanapokomea. Naelewa sababu yake, maana funzo hilo la Atlantic City bado lina uzito. Ajali ikitokea leo katika barabara kuu ya kwenda Mombasa, picha zake huwa zimeshafika Kisumu kabla polisi hawajawasili. Septemba 2024, bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, lilipoteketea usiku, wazazi walikesha langoni wakisubiri kuambiwa idadi na majina. Hesabu ya kwanza ilitaja wanafunzi 17. Baadaye ikawa 21. Katikati ya majonzi hayo kulisemwa pia kwamba watoto 70 hawajulikani waliko, kumbe wengi wao walikuwa wamekwisha chukuliwa na jamaa zao. Mzazi aliyeisoma nambari hiyo katika simu yake, akiwa njiani bado, alibeba mzigo ambao sithubutu kuupima. Katika saa kama hizo, anayetoa taarifa haulizwi tu kama amesema upesi. Huulizwa kama alichosema amekihakikisha. Na swali hilo ndilo Ivy Lee alilolishindwa.

Septemba 1913, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Colorado waligoma. Kampuni kubwa kuliko zote huko ilikuwa Colorado Fuel and Iron, mali ya ukoo wa Rockefeller kwa sehemu kubwa. Wagomaji walifukuzwa katika nyumba za kampuni, wakapiga mahema na jamaa zao mahali paitwapo Ludlow. Tarehe 20 Aprili, 1914, askari wa jimbo waliishambulia kambi hiyo, mahema yakateketea. Katika shimo lililochimbwa chini ya hema moja, mahali walipokimbilia kujikinga na risasi, watoto 11 na wanawake wawili walikufa kwa kukosa hewa.

Marekani nzima ililaani. John D. Rockefeller mdogo akamwita Lee, kwa ujira wa dola 1,000 kwa mwezi. Lee alianza kutoa vijarida, kimoja baada ya kingine, vilivyodai kueleza mambo ya hakika kuhusu mgomo huo. Vilipelekewa wabunge, wahariri, wahubiri na, walimu wenzangu mtanisikiliza, walimu. Viliandaliwa Philadelphia lakini vikatumwa kutoka Denver, kwa jina la kamati ya wenye migodi, ili msomaji asijue nani hasa aliyeshika kalamu. Yako wapi sasa yale maneno ya kutofanya lolote kwa siri? Kijarida kimoja kilichukua malipo ya mwaka mzima ya viongozi wa chama cha wafanyakazi, kikayaonyesha kana kwamba ni ya wiki tisa tu. Masahihisho yalikuja baada ya mgomo kukwisha. Kijarida kingine kilimpaka matope Mama Jones, ajuza aliyekuwa akiwatetea wachimbaji, kwa tuhuma chafu ambazo sitazirudia.

Mapema mwaka wa 1915 Lee aliitwa mbele ya Tume ya Uhusiano wa Viwanda. Alipoulizwa alichofanya ili kuyahakikisha maelezo aliyoletewa na wenye migodi, alikiri kwamba hakufanya lolote. Aliletewa, akachapisha. Mwandishi Upton Sinclair alilichezea jina lake, ambalo kwa Kiingereza ni la mmea utambaao, akamwita mmea wa sumu. Lakabu hiyo haikumbanduka hadi kaburini.

Wapo wanaosema kwamba Lee ndiye aliyelisafisha jina la Rockefeller. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Kilichoanza kuzilegeza nyoyo, naona, ni safari ya Rockefeller mwenyewe huko Colorado, Septemba 1915, akiandamana na Mackenzie King, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Kanada. Aliingia migodini, akala na wachimbaji, akacheza dansi na wake zao, akawatangazia mpango wa kuwa na wawakilishi wao. Mpango huo ulikuwa na kasoro, kwa kuwa uliundwa na kampuni na wala haukukitambua chama chao. Hata hivyo, alikwenda akawatazama usoni, jambo ambalo lundo la vijarida halikuweza.

Lee aliendelea kutajirika. Alilitumikia Shirika la Msalaba Mwekundu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na baadaye makampuni mengi makubwa. Mwaka wa 1933 muungano wa viwanda vya kemikali vya Ujerumani, IG Farben, ulimwajiri kwa dola 25,000 kwa mwaka, Hitler akiwa amekwisha twaa mamlaka. Lee alikutana na Hitler huyo. Mei 1934 aliitwa na kamati ya Bunge la Marekani, akajitetea kwamba aliwaonya Wajerumani kuwa Wamarekani hawatakubali kamwe mateso ya Wayahudi. Yamkini alisema kweli. Lakini ushahidi wake ulipotangazwa Julai, magazeti hayakuwa na subira na mtu aliyewahi kuchapisha vile vijarida vya Colorado. Alifariki dunia New York tarehe 9 Novemba mwaka huohuo, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 57.