Patrice Lumumba: mutu ambaye Kisangani ilimuchagua akiwa gerezani

Mwezi wa 12 mwaka 1959, wanaume wa Stanleyville, muji ambao leo unaitwa Kisangani, walienda kupiga kura ili kuchagua washauri wa komini zao. Kiongozi ambaye wengi wao walimutaka hakuweza kupita kwenye barabara kuomba kura. Patrice Lumumba alikuwa amefungwa. Wakubwa waliofungua naye chama walikuwa wamemuacha miezi mitano mbele. Utawala wa Wabelgiji ulikuwa unapendelea chama kingine. Lakini wakati kura zilihesabiwa, chama chake, MNC-Lumumba, kilipata karibu asilimia 90 ya kura katika muji ule.

Namna gani karani wa posta, mutu aliyetoka mbali na asiye mutoto wa chifu, alifikia kushinda wenye vyeo na mutawala mwenyewe? Jibu linapatikana zaidi Kisangani kuliko Kinshasa.

Kijana kutoka Sankuru

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925 Onalua, katika eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima Watetela. Alisoma kwenye misioni ya Waprotestanti, kisha kwa Wakatoliki, lakini hakuendelea mbali. Akiwa kijana alienda kutafuta kazi Kalima, Maniema, kwenye kampuni ya machimbo Symétain. Mwaka 1944 alifika Stanleyville.

Muji ule ulikuwa na mato na stima kwenye muto Congo, gari la moshi la kwenda Ubundu, na watu wa makabila mengi waliofuata kazi. Kiswahili na Lingala zilikutana kwenye soko. Wazungu walikuwa na mitaa yao, na Mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea mule usiku bila karatasi. Katika sehemu za kaskazini za Province Orientale, wakulima walilazimishwa kulima pamba, na bei ilipangwa na wengine.

Lumumba alipata kazi ya karani, akasomea kazi ya posta Léopoldville, kisha akarudi Stanleyville. Usiku alijisomea vitabu. Aliandika katika magazeti ya wakati ule, kama vile La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Aliongoza shirika la wafanyakazi wa posta na lile la Watetela, na kisha akawa prezidenti wa shirika la évolués wa Stanleyville, ni kusema Wacongomani waliosoma na ambao mukoloni aliwahesabu kuwa wamestaarabika.

Mutu wa wakubwa

Wakati ule Lumumba hakuwa musumbufu wa serikali. Aliamini kwamba Wabelgiji na Wacongomani wanaweza kujenga inchi pamoja, na kwamba waliosoma watafungua njia kwa wengine. Mwaka 1954 alipata carte d'immatriculation, karatasi ambayo watu wachache sana katika koloni yote walikuwa nayo, na ambayo ilipaswa kumupa mutu haki karibu sawa na za Muzungu. Mara ya kwanza walimukatalia, akakata rufaa. Mwaka 1955, wakati mufalme Baudouin alipita Stanleyville, Lumumba alizungumuza naye. Mwaka 1956 alialikwa kutembelea Ubelgiji.

Mashirika hayo ya évolués yalisema kwa jina la raia, lakini hakuna raia aliyekuwa ameyachagua. Mulima pamba na mubeba mizigo wa bandari hawakuulizwa kitu. Na wale évolués wenyewe waliona kwamba karatasi na kravati havikufungua milango waliyoahidiwa. Mushahara ulibaki wa mutu mweusi.

Wakati alirudi kutoka Ubelgiji mwaka 1956, Lumumba alikamatwa. Alishitakiwa kwamba alikula feza za posta, karibu franka 126,000. Hakukataa kwamba alizichukua. Alijieleza kwamba mushahara wake haukutosha kwa maisha ambayo hali yake ilimudai. Alihukumiwa miaka miwili, kisha azabu ikapunguzwa. Alitoka mwezi wa 9 mwaka 1957. Kosa lile lilimufuata siku zote, na adui zake hawakuliacha lisahaulike. Lakini gereza lilimutoa pia katika kundi la watu wanaongoja mukono wa mukubwa.

Chama kinapasuka

Alihamia Léopoldville, akauza bia ya Polar. Kazi ile ilimupitisha kwenye mabaa na mitaa yote, na watu wakajua sauti yake. Mwezi wa 10 mwaka 1958, yeye na wengine walifungua Mouvement National Congolais, MNC. Vyama vingine vingi vilishikamana na kabila ao jimbo moja. MNC ilitaka Congo moja. Mwezi wa 12 Lumumba alienda Accra, kwenye mukutano wa Waafrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah, na wakati alirudi alidai uhuru mbele ya watu wengi. Siku chache kisha, tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1959, fujo kubwa ilitokea Léopoldville, na Ubelgiji ukakubali kwamba uhuru utakuja.

Utakuja lini? Swali lile ndilo lilipasua chama. Mwezi wa 7 mwaka 1959, viongozi wenzake kama vile Joseph Ileo, Cyrille Adoula na Joseph Ngalula waliachana naye. Walimushitaki kwamba anaamua peke yake, na shitaka lile halikuwa bure, kwa sababu Lumumba hakuwa mutu wa kungoja kamati. Albert Kalonji aliongoza upande wao, MNC-Kalonji. Léopoldville ilikuwa mikononi mwa ABAKO ya Joseph Kasavubu. Kama siasa ingebaki kati ya wakubwa wa vyama peke yao, Lumumba angekuwa amemalizika mwaka ule.

Alirudi Stanleyville. Kule watu walimujua toka miaka 15: mutu wa posta, mutu aliyefungwa. Alizungumuza Kiswahili na Lingala, zaidi ya Kifaransa. Wajumbe wa chama waliingia mupaka vijijini, mahali ambapo hakuna chama kilikuwa kimefika, wakauza karata za wanamemba. Kwa watu waliochoka kulima pamba kwa lazima na kusemewa na wasiowachagua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mutu kufika kuwaomba sauti yao.

Mwezi wa 10 mwaka 1959 MNC-Lumumba ilifanya kongamano lake Stanleyville na kudai uhuru bila kukawia. Tarehe 30 askari na watu walipambana katika muji. Zaidi ya watu 20 walikufa. Tarehe 1 mwezi wa 11 Lumumba alikamatwa kwa kosa la kuchochea fujo.

Kura ya mwezi wa 12

Utawala ulitumaini kwamba muji utatulia. Mwezi ule wa 11, chama kipya, Parti National du Progrès, PNP, kilikuwa kimefunguliwa, kikikusanya machifu na wakubwa wa majimbo waliopendezwa na mwendo wa polepole. Watu walicheza na herufi zake tatu, wakakiita chama cha Weusi waliolipwa.

Uchaguzi ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake wa Stanleyville, waliouza kwenye soko na kulisha familia za waliofungwa, hawakuwa na kura. Matokeo yalionyesha kwamba gereza halikumunyanganya Lumumba watu, liliwaongeza. Na katikati ya mwezi ule, mufalme Baudouin alipofika Stanleyville kwa gafula, alikutana na kundi kubwa lililodai kiongozi wao afunguliwe. Miaka ine na nusu mbele, Lumumba ndiye alikuwa katika watu waliopangwa kumusalimia mufalme.

Mwezi wa 1 mwaka 1960 tribinali ilimuhukumu miezi sita. Lakini Brussels, wakati Meza ya Mviringo ilifunguliwa, wajumbe Wacongomani wa vyama mbalimbali, hata wapinzani wake, walisema kwamba hawawezi kupanga uhuru bila yeye. Alifunguliwa, akapelekwa kwa ndege. Tarehe ya uhuru ikawekwa: 30 mwezi wa 6.

Mwezi wa 5, inchi yote ilichagua bunge. MNC-Lumumba ilipata viti 33 juu ya 137, kuliko chama kingine chochote. Katika Province Orientale peke yake ilipata 21 juu ya 25. Katika Kivu, CEREA, yenye viongozi kama Anicet Kashamura, ilisimama upande wake bungeni. Wabelgiji walijaribu kwanza kumupa Kasavubu kazi ya kupanga serikali. Lakini tarehe 21 mwezi wa 6, Joseph Kasongo, mutu wa Lumumba, alichaguliwa prezidenti wa baraza la wabunge, na hesabu ikaonekana wazi. Lumumba akawa waziri mukuu, Kasavubu raisi wa inchi. Jean-Pierre Finant, wa chama kilekile, akaongoza serikali ya Province Orientale.

Kura inafutwa

Serikali ile haikupata hata miezi mitatu. Tarehe 5 mwezi wa 7 askari wa Force Publique waliasi juu ya makamanda wao Wabelgiji. Tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Askari wa Ubelgiji waliingia bila ruhusa, na Lumumba akaita Umoja wa Mataifa, kisha Warusi. Yeye pia alikosea: alipeleka jeshi lisilo na vyakula wala nizamu Kasai, na raia wengi Waluba waliuawa kule mwezi wa 8. Jambo hilo haliwezi kufutwa katika maisha yake.

Tarehe 5 mwezi wa 9 Kasavubu alitangaza kumufukuza. Baraza la wabunge na la waseneta yalikataa. Kwa raia aliyekuwa amepiga kura, mambo yangeishia pale: waliochaguliwa walikuwa wamesema. Lakini tarehe 14 kanali Joseph Mobutu, ambaye Lumumba mwenyewe alikuwa amemupa cheo katika jeshi, alisimamisha wanasiasa wote. Mutu mwenye bunduki, ambaye hakuna aliyemupigia kura, akawa juu ya wale waliopigiwa.

Lumumba alifungiwa nyumbani kwake Léopoldville. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa 11 aliponyoka. Hakukimbilia inchi ya kigeni. Alichukua barabara ya kuelekea Stanleyville, kwa watu waliomuchagua akiwa gerezani, na ambako Antoine Gizenga alikuwa amekwisha kumutangulia. Njiani alisimama kuzungumuza na watu waliomutambua, na saa zile zilimupotezea maisha. Askari walimukamata kwenye muto Sankuru, karibu na Lodi, akiwa amebakiza safari ndefu.

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule waliuawa kwa risasi, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi. Mwezi uliofuata, Finant naye aliuawa Bakwanga, muji ambao leo ni Mbuji-Mayi.

Kisha

Kisangani ililipa bei ya kura yake. Serikali ya Gizenga iliyotangazwa pale mwezi wa 12 mwaka 1960 haikudumu. Mwaka 1964 Wasimba waliteka muji kwa jina la Lumumba, na wakaaji wengi waliuawa, kwanza na waasi, kisha wakati wa kuwarudisha nyuma. Mwaka 1965 Mobutu alichukua utawala wote. Mwaka 1966 alimutangaza Lumumba shujaa wa taifa na akaugeuza muji ule jina, na mwaka uliofuata akafungua chama chake ambacho kilikuja kuwa cha pekee. Jina la mutu aliyechaguliwa lilitumiwa na mutu aliyefunga uchaguzi.

Mwanaume aliyepiga kura yake ya kwanza Stanleyville mwezi wa 12 mwaka 1959, akiwa na miaka 21, alingoja mupaka mwaka 2006 ili inchi ichague raisi kati ya vyama vingi. Alikuwa na miaka 67 ao 68.

Mwezi wa 6 mwaka 2022 Ubelgiji ulirudisha kitu cha pekee kilichobaki cha mwili wa Lumumba: jino moja, ambalo polisi Mubelgiji alikuwa amelibeba na kulificha. Sanduku lilipitishwa Onalua, kisha Kisangani, kisha Haut-Katanga, mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Safari iliyokatwa Sankuru mwaka 1960 iliisha namna ile, miaka 61 na zaidi kisha, katika muji aliokuwa anauelekea.