Samuel Insull na Umeme wa Usiku

Siku hizi bajaji na pikipiki za betri zimeanza kuonekana nchini mwetu, na watu wanauliza kama umeme utatosha. Kwa hiyo nimependa kuwasimulia maisha ya Bwana Samuel Insull.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1859. Alikuwa karani kijana mwenye bidii, na mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Marekani kuwa katibu wa Thomas Edison. Mwaka 1892 alihamia Chicago kuongoza kampuni ndogo ya umeme.

Huko alikuta taabu moja. Jioni watu wote waliwasha taa kwa pamoja, mitambo ikafanya kazi kwa nguvu zote. Usiku wa manane ikakaa bure, hali gharama ya kuinunua ni ile ile. Mwaka 1894 alirudi kuzuru kwao, na katika mji wa Brighton akaona taa za maduka zikiwaka hata baada ya maduka kufungwa. Alipouliza, akaambiwa habari za mita iliyopima kiasi cha umeme pamoja na kilele cha matumizi. Aliyetumia kidogo kidogo kwa saa nyingi alipata bei nafuu.

Insull akaichukua hekima hiyo. Akawauzia umeme wenye tramu, viwanda na watengeneza barafu, kila mmoja kwa saa zake. Magari ya betri nayo, yaliyokuwa mengi Marekani siku hizo, yalipendwa na kampuni za umeme kwa kuwa yalitiwa umeme usiku.

Mwisho wake ulisikitisha. Kampuni alizojenga kwa madeni zilianguka mwaka 1932, na watu wengi wa kawaida wakapoteza akiba zao. Alishitakiwa, mahakama ikamwona hana hatia. Akafa Paris mwaka 1938.

Mimi naona tuyaache madeni yake, tushike hekima yake. Huku kwetu Shinyanga na Geita, migodi mikubwa husaga mawe usiku na mchana, na wateja wakubwa wa TANESCO hulipia kilele pia. Lakini mita ya LUKU ya nyumbani haiulizi saa. Mwenye bajaji akichomeka saa moja jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa na televisheni, huongeza mzigo palepale ulipo mzito. Akingoja saa sita usiku, mtambo uleule utamtosha yeye na jirani yake. Basi bei nafuu ya usiku ingemfundisha upesi kuliko amri.