Karen Carpenter: sauti iliyotuliza wengi, maumivu aliyoyameza mwenyewe

Msikilizaji, ile sauti nzito ya mwanamke unayoisikia kwenye vipindi vya nyimbo za zamani, mara nyingi ni ya Karen Carpenter. Alizaliwa mwaka 1950 huko New Haven, Marekani, akakulia pia Downey, California. Alianza kama mpiga dramu, na pale nyuma ya dramu ndipo alipojisikia salama. Mwaka 1970 wimbo wa Close to You, aliourekodi na kaka yake Richard, ulishika namba moja Marekani. Basi watu wakataka asimame mbele, wamwone.

Akaanza kupunguza kula. Kufikia mwaka 1975 alikuwa na kilo 41 hivi, hata safari ya maonyesho ya Uingereza na Japani ikavunjwa. Huku kwetu tungewaza kifua kikuu au kisukari. Kumbe ulikuwa anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula na kujiona mnene hata akibaki mifupa.

Wengi hudhani ni maringo ya watu maarufu. Sivyo. Waandishi wa maisha yake wanaeleza nyumba ambayo hisia hazikuzungumzwa, na ambayo Richard ndiye aliyehesabiwa kuwa na kipaji. Mtu asiyeweza kusema nimeumia au naogopa anaweza kutafuta kitu kimoja cha kukitawala, na sahani ni kitu cha karibu. Njaa inamtuliza kwa muda, kisha hofu inarudi, naye anajinyima zaidi.

Mwaka 1979 Richard alitibiwa uraibu wa vidonge vya usingizi. Ugonjwa wake ulikuwa na jina na mahali pa kuupeleka. Wa Karen ulikuwa bado haufahamiki sana. Mwaka 1980 aliolewa, ndoa ikayumba mapema. Mwaka 1982 alihamia New York kwa matibabu ya mazungumzo, akalazwa na kulishwa kwa mshipa, kilo zikarudi. Lakini mwili wenye njaa ya muda mrefu hula misuli yake wenyewe, na moyo nao ni msuli.

Tarehe 4 Februari 1983 alianguka nyumbani kwa wazazi wake, akafariki akiwa na miaka 32. Uchunguzi ulitaja moyo ulioharibiwa na ugonjwa huo pamoja na dawa ya kujitapisha. Baada ya hapo ndipo familia nyingi Marekani zilipolisikia jina la anoreksia kwa mara ya kwanza, zikamtazama upya binti aliyekuwa akisogeza chakula pembeni mwa sahani.