Orville Hubbard: Meya aliyewahudumia wenyeji na kuwafungia wengine mlango

Katika historia ya miji inayozunguka Detroit, jimbo la Michigan nchini Marekani, ni viongozi wachache waliopendwa na kulaaniwa kama Orville Hubbard. Kwa miaka 36, kuanzia Januari 1942 hadi 1978, yeye ndiye aliyekuwa meya wa Dearborn, mji yaliko makao makuu ya kampuni ya magari ya Ford.

Hubbard alizaliwa Aprili 2, 1903 katika familia ya wakulima karibu na Union City, Michigan. Akiwa kijana alihudumu katika jeshi, kisha akasomea sheria mjini Detroit. Siasa hazikumkaribisha upesi. Katika miaka ya 1930 aliwania vyeo mbalimbali akaangushwa mara kadhaa, lakini hakukata tamaa hadi alipochaguliwa meya mnamo Novemba 1941.

Alipokalia kiti hicho, alitambua jambo moja ambalo wanasiasa wengi hulisahau: mpigakura hukumbuka kwanza yale yanayotendeka mlangoni pake. Takataka zilizolewa kwa wakati, theluji iliondolewa barabarani upesi na malalamiko ya wakazi yalishughulikiwa bila kuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mji ulinunua ardhi ya zaidi ya ekari 600 huko Milford, ikawa kambi ya mapumziko ya wakazi. Aidha, katika miaka ya 1960 mji ulinunua jumba la ghorofa katika jimbo la mbali la Florida, ili wazee wa Dearborn wapate pa kuikimbilia baridi. Kodi iliyolipwa na Ford ndiyo iliyowezesha mengi ya hayo.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuwa na mpaka. Maelfu ya Wamarekani weusi walifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha Ford cha Rouge, ndani ya Dearborn, lakini jioni ilipofika walirudi Detroit na kwingineko. Hubbard hakuficha kwamba aliunga mkono ubaguzi wa rangi. Mwaka wa 1948 aliongoza kampeni ya kupinga mradi wa nyumba za kupangisha, akiwatia wapigakura hofu kwamba watu weusi wangehamia humo. Mradi ukakataliwa.

Mwaka wa 1963, uvumi ulienea kwamba nyumba moja ilikuwa imeuzwa kwa mtu mweusi. Umati uliishambulia nyumba hiyo na polisi wakalaumiwa kwa kutochukua hatua. Hubbard alishtakiwa katika mahakama ya serikali kuu kwa kula njama ya kukiuka haki za raia, lakini baraza la mahakama likamwachilia mwaka wa 1965. Wakazi wenye asili ya Kiarabu nao hawakusalimika. Mapema miaka ya 1970 waliushtaki mji wakipinga mpango wa kubomoa mtaa wao ulio karibu na kiwanda.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alipinga vita vya Vietnam wakati wengi waliviunga mkono, na mara mbili akawapa wakazi nafasi ya kupiga kura kuhusu vita hivyo. Katika kura ya pili, ya mwaka wa 1968, wengi walitaka majeshi yaondolewe.

Mwishoni mwa 1974 alipatwa na kiharusi, na shughuli za mji zikasimamiwa na wengine hadi muhula wake ulipokwisha. Aliaga dunia Desemba 16, 1982.

Sanamu yake ilisimamishwa mbele ya ukumbi wa mji mwaka wa 1989. Ilihamishwa mwaka wa 2015 hadi jumba la makumbusho, kisha ikaondolewa huko pia mwaka wa 2020, kufuatia maandamano ya kupinga ubaguzi baada ya mauaji ya George Floyd. Mwaka uliofuata, Dearborn ilimchagua Abdullah Hammoud, Mwislamu wa kwanza na mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiarabu kuwa meya wa mji huo.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hubbard aliivutia kwa wale aliowaita watu wake, na hao walimchagua tena na tena. Waliofungiwa nje hawakuwa na kura Dearborn, lakini historia imewasikiliza.