James Cagney: jambazi wa sinema aliyelishwa na dansi

Ukimtajia mpenzi wa sinema za zamani jina la James Cagney, atakumbuka bunduki. Atamkumbuka yule mtu mfupi, mwenye macho makali na maneno ya haraka, aliyemsukumia mwanamke nusu ya balungi usoni katika picha ya The Public Enemy ya mwaka 1931. Mimi sikatai kwamba huyo ni Cagney. Lakini aliyemjua kwa ujambazi pekee hakumjua sawasawa. Kazi iliyomfikisha jukwaani, na ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa kazi yake hasa, ilikuwa kuimba na kucheza dansi.

Cagney alizaliwa New York mnamo Julai 17, 1899, katika familia isiyokuwa na kitu. Baba yake, mwenye asili ya Ireland, alikuwa mhudumu wa baa. Maradhi ya mafua yaliyoenea duniani mwaka 1918 yalimwua mzee huyo, na kijana akalazimika kuacha masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia ili amsaidie mama yake kuwalea wadogo zake.

Mwaka 1919 alisikia kwamba kikundi kimoja cha maonyesho kilitafuta mchezaji kwa mshahara wa dola 35 kwa wiki. Mchezo wenyewe uliitwa Every Sailor, na wanaume walivalishwa nguo za kike wakacheza kama wasichana. Cagney alijua mtindo mmoja tu wa dansi. Hata hivyo alijitosa, akawatazama wenzake miguu, akajifunza. Huyo ambaye baadaye angewatisha watazamaji kwa bastola alianza kazi ya jukwaani amevaa gauni! Njaa haina aibu.

Mwaka uliofuata aliingia katika mchezo wa nyimbo wa Pitter Patter, kwenye majumba ya Broadway. Humo ndimo alimokutana na Frances Vernon, naye mchezaji, wakaoana mwaka 1922 na kuishi pamoja mpaka kifo cha Cagney. Kwa miaka kadhaa walitanga mji hadi mji na maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho, leo wana fedha, kesho hawana. Kufikia mwaka 1928, katika onyesho la Grand Street Follies, Cagney hakucheza tu bali pia aliwapangia wenzake dansi. Fundi alikuwa amekwisha iva.

Hollywood ilimchukua mwaka 1930. The Public Enemy ilipovuma, kampuni ya Warner Bros. iliona faida katika ujambazi, ikampa bunduki picha baada ya picha. Aligombana nayo mara nyingi juu ya mishahara na kazi alizopewa. Mwaka 1933 alipata nafasi ya kucheza dansi katika Footlight Parade, kisha akarudishwa kwenye mitaa ya wahalifu.

Mwaka 1940 yalimpata makubwa zaidi. Kwa kuwa alikuwa amewahi kuwasaidia wafanyakazi waliogoma, alituhumiwa kuwa anawaunga mkono wakomunisti. Alikwenda mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kamati ya Bunge la Marekani, Martin Dies, akasafishwa jina. Lakini tuhuma ni kama moshi, hubaki nguoni. Ndugu yake William aliona dawa ni kutengeneza picha ya kuisifu nchi yao.

Picha hiyo ni Yankee Doodle Dandy ya mwaka 1942, inayoeleza maisha ya George M. Cohan, mtunzi, mwimbaji na mcheza dansi mashuhuri wa Broadway. Cohan alikuwa na mtindo wake wa kukaza miguu na kuinamisha mwili mbele, tena aliimba kama anayezungumza. Cagney alifundishwa mtindo huo na mtu aliyewahi kufanya kazi na Cohan, akateguka kifundo cha mguu katika mazoezi, asikate tamaa. Mwangalie anapoteremka ngazi za Ikulu ya Marekani huku akizigonga kwa viatu! Cohan aliiona picha hiyo kabla ya kufariki Novemba mwaka huohuo, akaridhika.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Cagney alipendekezwa kwa Tuzo ya Oscar mara tatu. Ujambazi wote haukumpa, ila dansi ya Cohan ndiyo iliyompa, mwaka 1943.

Mwaka 1955 alimwigiza Cohan tena katika The Seven Little Foys, akicheza dansi juu ya meza pamoja na Bob Hope. Hakutaka malipo. Alikumbuka kwamba zamani, akiwa mchezaji mwenye njaa, alikuwa akipata chakula nyumbani kwa Eddie Foy, ambaye maisha yake ndiyo yaliyosimuliwa katika picha hiyo.

Cagney alifariki Machi 30, 1986, shambani kwake katika jimbo la New York. Kwa maoni yangu, hata majambazi wake walitembea kama wacheza dansi: wepesi wa nyayo, mabega yakienda na mdundo. Bunduki alipewa na kampuni. Miguu ilikuwa yake.