Elijah Masinde: Shujaa Aliyeitwa Mwendawazimu

Kuanzia Misikhu hadi Kimilili, na kupanda mpaka Kitale, hakuna mzee asiyelijua jina la Elijah Masinde. Wengi humkumbuka kwa Dini ya Msambwa. Lakini maisha yake yatufunza jambo jingine pia: jinsi maandishi ya wataalamu kuhusu akili yanavyoweza kugeuzwa kuwa pingu.

Masinde alizaliwa sehemu za Kimilili mnamo mwaka wa 1910 hivi. Ujanani alisifika kwa kandanda, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda. Alikuwa muumini wa kanisa la Friends, lakini alipooa mke wa pili akakosana na wakuu wa kanisa. Baadaye akawahimiza Wabukusu warudie ibada za mababu zao, na akapinga watu kulazimishwa kufanya kazi za serikali. Mwaka wa 1945 alikamatwa. Wakoloni hawakuzijibu hoja zake. Walimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, akakaa huko hadi 1947.

Ili kuelewa kisa hicho, yafaa tukumbuke yaliyokuwa yakiandikwa wakati huo. Mwaka wa 1934, F. W. Vint, daktari wa Nairobi, alichapisha makala akidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu na gamba lake ni jembamba. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari miaka ile Masinde alipofungiwa humo, alitoa kitabu kuhusu akili ya Mwafrika mwaka wa 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon aliyapinga maandishi hayo mwaka wa 1961, na leo sayansi haiyakubali tena. Lakini yalikwisha kufanya kazi yake: palipokuwa na malalamiko ya ardhi na utu, mkoloni aliona ugonjwa.

Masinde alipotoka Mathari, aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Lumboka, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza mwaka wa 1895. Je, hiyo ni kazi ya mtu asiyejua alifanyalo? Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, na watu kadhaa wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akapelekwa kizuizini Lamu, mbali na kwao.

Uhuru haukumletea raha. Dini yake iliruhusiwa mwaka wa 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, naye akazidi kuingia na kutoka gerezani mpaka alipofariki mwaka wa 1987.

Msomaji akutanapo na kitabu kinachopima akili za watu, kwanza na aulize ni nani aliyeishika mizani.